Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama Chetu cha Wasomaji, Mwanza

Ndugu wanachama,

Ya kawaida mnayajua, sitayarudia kwa urefu. Vikao vya kila mwezi vilifanyika isipokuwa kile cha Aprili kwa ajili ya mvua. Tulitembelea shule mbili, moja Nyamagana na nyingine Ilemela. Kabati letu la vitabu pale Kirumba limeongezewa vitabu 31. Katibu na mweka hazina wamefanya kazi, nawashukuru.

Nije kwenye lililoleta maneno. Ni mimi niliyeamua, kwa mamlaka niliyopewa na katiba yetu, kwamba mwaka huu tusome mada moja tu, mwanamke anavyochorwa katika fasihi yetu, na tuanze na waandishi wawili wa visiwa vya Ukerewe, Kezilahabi na Kitereza.

Baadhi ya wazee wetu walisema Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi, haifai kusomwa mbele ya wanafunzi, eti inafundisha uhuni. Maneno hayo hayakuanzia kwetu. Riwaya ilitoka 1971, ikapigwa marufuku, baadaye ikaruhusiwa. Naomba kurasa za mwanzo zisomwe upya. Kabla Rosa hajakosa lolote, baba yake, Zakaria, ni mlevi, anampiga mkewe, Regina, na Rosa mwenyewe anachapwa kwa sababu ya barua ya mvulana. Binti aliyefundishwa kuogopa wanaume tu, siku akiwa mbali na fimbo ya baba atajiongoza kwa lipi? Mimi nasema Kezilahabi anamshitaki Zakaria kwanza. Aliyeona uhuni wa Rosa peke yake amesoma nusu ya kitabu. Nitaendelea kutaka wasichana wetu wakisome, wakiwa na watu wazima wa kuwajibu.

Kina mama wenzangu nao waliniandikia: kwa nini wanaume wawili, Penina Muhando, mwandishi wa tamthilia, yuko wapi? Hoja ni ya haki, na imeniuma kuambiwa kwamba nimewasahau wanawake, mimi niliyekizungukia chama hiki tangu hakina hata kabati. Nilitaka tuone kwanza majirani zetu walivyotuandika. Kitereza alimaliza kitabu chake, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kwa Kikerewe mwaka 1945, na Kiswahili chake kikatoka 1980. Humo Bugonoka anasemwa na ndugu za mumewe kwa kukosa mtoto, mpaka wazazi wake wanakuja kumchukua. Halafu ni mumewe, Myombekere, anayehangaika: anakwenda ukweni kuomba mkewe, anatozwa pombe ya ndizi, na anailipa. Bugonoka ana kwao, na kwao kuna sauti. Kwa Regina nguvu hiyo siioni. Anapigwa na maisha yanaendelea. Visiwa ni vilevile, lakini wanawake hawa wawili hawakusimama mahali pamoja. Tusingeliona hilo kama tungesoma kitabu kimoja tukaruka kwingine. Hata hivyo wote wawili wanapimwa kwa miili yao, mmoja kwa uzazi, mwingine kwa kipigo, na hapo ndipo mjadala ulipokuwa mtamu kuliko wowote niliowahi kuongoza.

Masikitiko yangu ni kwamba mjadala huo wa Oktoba ulikuwa na watu 9. Waliolalamika sana kwenye simu sikuwaona ukumbini. Tuko wanachama 64, waliolipa ada ni 23. Kwa shilingi 20,000 kila mmoja tumekusanya 460,000, ukumbi, nakala na chai vimekula 445,000, imebaki 15,000. Anayeuliza kwa nini hatukununua tamthilia aanzie kwenye hesabu hiyo.

Mwakani, Mungu akipenda, tutasoma Nguzo Mama ya Penina Muhando, ya 1982, tuone wanawake wenyewe wakivutana kuisimamisha nguzo yao. Natamani pia tupande meli hadi Nansio, bandari ya Ukerewe, tufike Namagondo alikozaliwa Kezilahabi, fedha zikiruhusu. Ada inapokelewa na mweka hazina leo, kabla ya uchaguzi, na asiyelipa hatapiga kura.