Barua kutoka Mae Sot

Shoga yangu Mwanaidi,

Habari za siku? Watoto hawajambo? Mama mkwe bado anakagua masufuria yako? Mimi mzima, ila mvua ya huku Thailand mpakani haina adabu hata kidogo. Najua utasema nimekukumbuka kwa sababu nina shida. Basi ndiyo, nina shida. Soma kwanza, matusi utanitukana baadaye.

Kliniki yetu inapokea watu wanaovuka mto Moei kutoka Myanmar, na majina yao yameingizwa kwenye kompyuta kwa herufi za Kiburma miaka nenda rudi. Juzi kaja mama mmoja anaitwa Aye, kadi anayo mkononi. Karani anaandika jina, mashine inasema hayupo. Tukashuka orodha mstari kwa mstari, tukamkuta: jina lake linaanza na kiduara cha nukta nukta, kimebeba irabu isiyo na mwenyewe.

Kisa chote ni irabu hiyo, ေ, ile ya "e". Kwa kalamu inaandikwa kwanza, konsonanti inafuata, lakini ukisoma konsonanti ndiyo inatangulia. Unicode, wale wanaoipa kila herufi ya dunia namba yake ya kompyuta, wakaipa 1031, wakataka ihifadhiwe baada ya konsonanti, kama inavyotamkwa. Kuirusha kushoto ni kazi ya fonti, ile inayochora herufi kwenye kioo. Ni kama Kiarabu chetu cha chuoni, kompyuta inafuata usomaji, upande wa kuonyesha si shauri lake. Kwa hiyo Aye ni 1021, 1031, 1038. Zawgyi, fonti iliyokuwa imejaa kwenye simu za watu huko, ikahifadhi kama jicho linavyoona: 1031, 1021, 1038. Namba zilezile tatu, shoga! Halafu mgonjwa anaambiwa hayupo.

Usiwacheke watu wa Zawgyi lakini. Unicode wenyewe walipanga upya mambo ya Kiburma mwaka 2008, na simu nyingi zikachelewa kujua kuyachora. Zawgyi ilichora. Ungekuwa wewe ungesubiri? Nchi ilianza kuhamia Unicode rasmi Oktoba 2019, ila faili za zamani hazikuhama na mtu.

Sasa sikia kinachoninyima usingizi. Kuna fundi aliletwa hapa, akasema bonyeza mara moja, orodha nzima inageuka kuwa Unicode. Nikamshika mkono. Nusu ya wagonjwa wetu ni Wakaren, kabila la Myanmar lenye lugha zake lakini herufi za aina hiyohiyo, na Zawgyi ilijichukulia namba za lugha zao kwa matumizi yake. Chukua 1062: katika Unicode ni irabu ya Kikaren, katika Zawgyi ni "ga" ndogo inayokaa chini ya herufi nyingine. Ukigeuza bila kuangalia, Aye anapona, Mkaren anapoteza jina. Fundi akanijibu, "Si wachache tu?" Nilinyamaza kwa heshima ya mkurugenzi aliyekuwa amesimama pale. Wachache! Waje wahesabu foleni ya asubuhi.

Zile programu za kubahatisha kama maandishi ni Zawgyi au Unicode zipo, na kwenye aya ndefu zinafanya vizuri. Jina la silabi mbili zinalipata wapi? Ndiyo maana nakuandikia wewe na si yule fundi.

Unaweza kuniandikia kiprogramu kinachokagua jina mojamoja, kikishuku kimwachie mtu aamue? Itasaidia nikikupa tarehe ya kila jina na kompyuta iliyoliingiza? Kikaren tukitenge kwanza, au kitajitenga chenyewe? Nakala ya mfano nitatuma, majina ya kubuni, usihofu. Na malipo vipi, au bado unapokea kwa vitenge? Na yule babu yako wa Keya, lile jeshi la Mwingereza, aliyekwenda vita vya Bama, ndiyo Myanmar hii, 1944, aliacha picha yoyote? Wazee wa huku wananiuliza nimetokea wapi, nikiwaambia hawaamini kama watu wetu waliwahi kufika.

Na Zuhura kaolewa kweli, au ni umbea wa Tanga tu? Nijibu hilo kwanza.

Wako,
Mwanahawa