Wazazi, mbwa wetu anahitaji mwenzake

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niwafikishie wazazi, wangu wakiwamo, ombi ambalo sisi watoto tumelitoa nyumbani mara nyingi bila kufanikiwa: pale penye mbwa mmoja, aongezwe wa pili. Siwaandikii wale ambao imani yao haiwaruhusu kufuga mbwa nyumbani, nao nawaheshimu.

Hapa kwetu Moshi mbwa wetu hufungwa mnyororo alfajiri, tunapotawanyika kwenda kazini na shuleni, akabaki peke yake hadi jioni, na kwa kuzunguka kutwa amechimba duara la vumbi chini ya mparachichi. Mbwa ni mnyama wa kuishi na wenzake. Jirani aliposafiri alituachia mbwa wake kwa wiki mbili, tukawafungulia wote wawili uani, na kwa siku zote hizo wetu hakulia usiku wala hakubakiza chakula. Mgeni alipochukuliwa, alilala langoni siku mbili akitazama barabara. Tangu hapo siwezi kukubali kwamba anatosheka na saa moja ya kucheza nasi jioni.

Baba husema mmoja anatosha kwa ulinzi, nami sibishi, kwa kuwa huyu wa pili tunamwomba kwa ajili ya mbwa, si kwa ajili ya wezi. Kuhusu gharama, ugali wa dona na dagaa tutapika wenyewe kwa zamu. Chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo hutolewa mtoto wa mbwa akifikisha miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, haina mjadala, maana karibu vifo vyote vya binadamu vitokanavyo na ugonjwa huo husababishwa na kuumwa na mbwa, na watoto kama sisi ni miongoni mwa wanaoathirika zaidi. Ili nyumba isijae watoto wa mbwa, wote wawili wahasiwe na daktari wa mifugo, na mwanzoni kila mmoja awe na bakuli lake, wasije wakagombana.

Katika mtaa wa pili mbwa amezaa wiki iliyopita. Watoto wake watakuwa tayari kutengana na mama yao wakifikisha wiki nane, muda unaowatosha wazazi wetu kutafakari, nasi kupanua kibanda.

Mwanafunzi wa kidato cha nne,
Moshi