Mdogo wangu, hela ya kikoba cha mama mdogo usiitie kwenye matangazo kwanza

Marahaba mdogo wangu. Meseji yako ya jana usiku nimeisoma mara tatu, ile ya kusema apu yako ya kutafuta mafundi iko tayari na mama mdogo amekubali kukupa milioni 2 za kikoba uboosti matangazo mwezi mzima. Nilianza kukujibu WhatsApp ikawa ndefu mno, halafu nikakumbuka kuna vijana wengine wawili hapa Kijitonyama wameniuliza kitu hikohiko, kwa hiyo naandika hapa msome wote, jina lako sijaweka usiwe na wasiwasi.

Nakuomba hiyo hela ikae kwanza. Matangazo sina ugomvi nayo, ila we bado hujui nani atabaki kwenye apu yako na kwa nini abaki, na tangazo haliwezi kukwambia hilo, litakuletea watu mpaka mlangoni basi.

Ngoja nikuhadithie ya kwetu. Unajua tunatengeneza daftari la madeni la kwenye simu kwa ajili ya wenye maduka, mangi anaandika nani kachukua unga nani kachukua mafuta, mwisho wa mwezi mteja anapata meseji ya kumkumbusha. Mwanzoni tulikuwa wanne chumba kimoja na tukafanya vilevile unavyotaka kufanya we. Tukaweka laki 6 kwenye tangazo, limeandikwa kwa herufi kubwa SIMAMIA MIKOPO YAKO KWA SIMU. Watu wakashusha apu, namba inapanda usiku kucha, tukashangilia. Wiki ya tatu tukaangalia ni wangapi bado wanaandika angalau deni moja kwa wiki, tukakuta maduka 4. Manne tu. Tukaanza kuwapigia simu mmoja mmoja kuuliza shida nini, na karibu kila anayepokea anauliza "sasa dada, mkopo wangu unaingia lini?" Kumbe walidhani sisi ni wale wa mikopo ya mtandaoni, maana neno mkopo likitokea kwenye simu ya mtu wa Dar siku hizi anaelewa hicho tu. Kuna mama mmoja wa Mbagala alikuwa anaisubiri hiyo hela amlipie mtoto ada. Nilimuomba msamaha, nikakata simu, nikakaa kimya muda mrefu. Ile inaniuma mpaka leo kuliko laki 6.

Basi tukaingia mtaani. Manzese, Tandale, Sinza, kwa miguu, unakaa kwenye benchi nje ya duka unanunua soda unasikiliza. Ndo tukasikia kwamba dirishani pale hakuna mteja anayesema nipe mkopo, anasema "mangi niandikie", na mangi naye akilalamika anasema "nimeandikia watu mpaka mtaji umekata". Tukabadilisha maneno yote, kwenye tangazo na ndani ya apu, tukaandika UMEANDIKIA WANGAPI WIKI HII? Safari hii tukaweka elfu 50 tu. Waliokuja walikuwa wachache sana lakini walikuwa wenye maduka kweli.

Halafu likaja jingine ambalo hata kwenye simu tusingeambiwa. Mangi anaipenda apu, anaishusha mbele yetu, kesho hafungui. Kwa nini? Daftari lake la karatasi lina majina 80 tayari, nani atakaa ayaingize moja moja huku wateja wamejaa dirishani? Tukasema tutaingiza sisi. Tukawa tunaenda saa 3 usiku watu wakipungua, mangi anasoma mimi natype, Baba Neema wa kona, fundi mrefu, mama wa chapati, namba za simu hakuna inabidi akumbuke au amuulize kijana wake, duka moja linakula siku mbili. Wale tuliowaingizia daftari karibu wote walibaki, wale tuliowashushia tu wakapotea. Mwezi ule mzima hatukufanya kazi nyingine.

Na usione ni sisi tu tuliofanya hivyo. Airbnb wenyewe, wale wa kupangisha nyumba za watu kwa wageni kupitia mtandao, mwaka 2009 walikuwa na wenyeji New York lakini watu hawabuku, waanzilishi wakaangalia wakaona picha za nyumba mbaya, wakatoka San Francisco wakakodi kamera wakapita nyumba kwa nyumba kupiga picha wenyewe. Huwezi kuwafanyia hivyo watu milioni, lakini kwa watu 30 unaweza, na wale 30 ndo wanakufundisha ujenge nini.

Kuhusu zawadi ya kuleta mwenzako, maana najua unaifikiria, sisi tuliahidi vocha ya 1,000 kwa kila duka utakaloleta. Watu wakasajili laini za ndugu zao wote. Tukasimamisha siku ya tano. Dropbox walipofanya yao hawakutoa hela, walitoa nafasi ya ziada ya kuhifadhi mafaili, na wanapata wote wawili, aliyealika na aliyealikwa, kwa hiyo kama huitumii Dropbox hiyo zawadi haina maana kwako. Septemba 2008 walikuwa na watu laki 1, Januari 2010 wakawa milioni 4. Tukaiga, tukatoa meseji za kukumbusha bure kwa maduka yote mawili, na ile michezo ya laini ikaisha yenyewe.

Tukaiga na Hotmail pia, wao 1996 waliweka mstari mmoja chini ya kila barua pepe wa kukuambia na we jipatie ya bure, sisi tukaweka jina letu chini ya meseji ya deni. Wateja wakaanza kuuliza hii kitu gani, mama ntilie kadhaa wakajiunga hivyohivyo. Lakini hapa kuwa makini sana. Dada mmoja meseji yake ya deni ilisomwa na mumewe kabla yake, kukawa na ugomvi nyumbani, na alikuwa na haki kabisa ya kutukasirikia. Tukaondoa kiasi cha hela kwenye meseji, na mangi sasa lazima amuulize mteja kwanza kama anakubali namba yake iingizwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, isome kabla hujakusanya namba za watu, usingoje mtu aumie ndo uisome.

Sasa ya kwako. Mteja wa Kinondoni akishapata fundi bomba mzuri kupitia apu yako, na namba ya fundi anayo kwenye simu, mara ya pili apu ataifungulia nini? Nimeliwaza hilo toka jana. Labda ni bei iliyokubaliwa mapema, labda ni wewe kusimamia fundi arudi bomba likivuja tena, sijui, na we hujui bado. Chukua mafundi 10 na mitaa miwili tu, ukae nao mwezi mmoja, upokee simu mwenyewe, na kwenye daftari lako uandike kitu kimoja, wateja wangapi wa wiki ya kwanza wamerudi wiki ya nne. Kila wiki badilisha kitu kimoja, ukibadilisha matatu hutajua kipi kimefanya kazi. Nauli na bando kwa mwezi huo hazifiki hata laki 2.

Jumamosi hii nitakuwa Manzese kuna duka tunaingiza daftari. Shuka Tip Top saa 2 asubuhi, uje na viatu vya kutembelea na usile nyumbani, kuna mama anakaanga chapati nzuri pale. Mama mdogo mwambie nitampigia jioni, nataka nimweleze mwenyewe kwa nini nimekwambia hela isubiri.