Mkimhoji mtengeneza filamu za makala, msiishie kwenye kamera

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nitoe dukuduku langu kuhusu mahojiano ambayo kurasa za burudani hufanya na watengeneza filamu za makala. Maswali karibu yote huzunguka mambo mawili: una mradi gani mpya, na unatumia kamera gani? Msomaji hufunga gazeti akiamini kwamba kazi hii ni kamera ya bei mbaya na mkono usiotetemeka. Kijana anayeitamani fani humalizia kila alichonacho kwenye kamera na lenzi, maikrofoni akaiacha kwa baadaye. Wenye kazi yao wanajua kwamba filamu ya makala ni nadra kufa kwa sababu ya picha. Hufa kwa sauti isiyosikika, kwa kadi ya kumbukumbu ya kamera iliyofutwa kabla ya wakati, na kwa karatasi ambayo haikutiwa saini.

Hata hilo swali la mradi mpya halijibiki kirahisi. Anayeishi kwa kazi hii huwa na filamu tatu nne kwa wakati mmoja. Moja bado ni andiko, bajeti na kionjo cha dakika chache, inazungushwa kwa wafadhili na kwenye masoko ya filamu kama lile la IDFA, tamasha la filamu za makala mjini Amsterdam. Nyingine inapigwa picha, nyingine iko mezani inahaririwa, na ile inayotangazwa gazetini kuwa mpya huenda ilianza miaka mitatu au minne nyuma. Hiyo ya mwisho nayo mara nyingi ni filamu mbili: toleo la kumbi na matamasha, tuseme la dakika 90, na toleo la dakika 52 kwa ajili ya televisheni. Kufupisha hivyo si kukata vipande, ni kuisuka hadithi upya. Kama wiki hizo za uhariri hazikuwekwa kwenye bajeti tangu mwanzo, mtengenezaji atazifanya bure.

Sasa sauti. Maikrofoni iliyobandikwa juu ya kamera ndiyo chanzo cha maumivu mengi. Mahali pa wazi, kila umbali kati ya mdomo na maikrofoni unapoongezeka mara mbili, sauti ya msemaji hupungua kwa takriban desibeli 6, lakini mngurumo wa feni na magari ya nje unabaki palepale. Kutoka nusu mita hadi mita mbili umepoteza desibeli 12 za mtu uliyemfuata, na kelele haijapungua hata kidogo. Ukiongeza sauti baadaye kwenye kompyuta, unaongeza vyote viwili. Mtazamaji huvumilia picha iliyotikisika. Maneno asiyoyasikia hayavumilii, anahama.

Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo huwekwa shibiri moja chini ya kidevu, katikati ya kifua. Ikiwekwa kwenye ukosi wa upande mmoja, msemaji akigeuza shingo upande wa pili sauti inafifia. Mkufu huigonga, na nailoni na hariri huikwaruza, kwa hiyo ikibidi ifichwe ndani ya nguo, kitambaa cha juu na cha chini vyote vishikizwe kwa utepe wa gundi ya pande mbili visisuguane nayo. Waya ufanyiwe kitanzi kidogo chini ya kibanio, ili ukivutwa mvuto uishie kwenye kitanzi na usifike kwenye maikrofoni. Halafu mtu avae visikizio muda wote wa kurekodi, si dakika ya kwanza tu. Mshale wa kipimo utakuonyesha kwamba kuna sauti inaingia. Hautakwambia kama ni maneno au ni shati.

Kiwango cha kawaida ni kilohezi 48 na biti 24, na vilele vya usemi vicheze karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, yaani chini ya kiwango cha juu kabisa ambacho kinasa kinaweza kushika. Vikigonga sifuri, wimbi linakatwa kichwa na hakuna programu inayolirudisha kama lilivyokuwa. Vinasa vya siku hizi vya biti 32 za aina ya "float" huondoa sehemu ya hofu hiyo, ila si yote: kama maikrofoni yenyewe au kitumaji chake kisicho na waya kimezidiwa, kinasa kitahifadhi uharibifu huo kwa uaminifu mkubwa.

Jokofu lizimwe kabla ya kuanza. Linaweza kuwa kimya kwenye swali la kwanza na likaanza kunguruma kwenye jibu la tatu, na kila mkato kati ya majibu hayo utasikika. Mafundi wenye uzoefu huweka funguo za gari ndani ya jokofu walilolizima, maana hawawezi kuondoka bila kulifungua na kukumbuka kuliwasha. Mwenye nyumba atashukuru. Mahojiano yakiisha, kabla mtu yeyote hajainuka, irekodiwe nusu dakika hadi dakika nzima ya ukimya wa chumba kilekile, kwa maikrofoni ileile, watu wakiwa wamekaa walipokaa. Anayehariri akiondoa kikohozi, hujaza pengo kwa ukimya huo. Akijaza kwa utupu mtupu, sikio la mtazamaji linatambua shimo papo hapo.

Redio au televisheni iliyowashwa nyuma ya msemaji ina madhara mawili. La kwanza ni la uhariri: ukikata sentensi, wimbo unaruka. La pili ni la sheria, na ndilo linalozuia filamu iliyokamilika isitoke. Wimbo uliorekodiwa una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi yenyewe, na mara nyingi wenyewe ni watu tofauti. Anayemiliki rekodi anaweza kukubali, mwenye utunzi akakataa, na hapo huna kitu. Zipo nchi ambazo sheria inaruhusu matumizi fulani bila leseni, lakini mipaka hutofautiana, na msambazaji au bima ya filamu watataka karatasi, si maelezo. Dawa ni kuomba redio izimwe kabla ya kamera kuwaka. Kama watu wanacheza wimbo huo na tukio ndilo hadithi yenyewe, liandikwe jina la wimbo na mwimbaji siku hiyohiyo, na maombi yaanze wakati uhariri bado uko wazi. Anayeomba leseni baada ya filamu kukamilika anaomba akiwa amefungwa mikono, na mwenye haki anajua. Kanda za maktaba, yaani picha za zamani zilizohifadhiwa na wengine, ni vilevile: bei hufuata sekunde, nchi, miaka na njia ya kuonyesha. Leseni ya tamasha pekee haitakufikisha kwenye intaneti.

Kuhusu ridhaa ya wahusika, fomu iwe katika lugha anayoielewa mhusika, na kama hasomi, isomwe kwa sauti na usomaji huo urekodiwe. Itaje wazi kwamba filamu inaweza kuonyeshwa kwenye televisheni na intaneti, maana mtu aliyedhani ni ukumbi mmoja wa mbali atashtuka jirani yake akimtumia kipande kwenye simu. Kwa mtoto, mzazi au mlezi asaini, lakini mtoto naye aulizwe. Saini isiombwe taa zikiwa zimeshawashwa na watu watano wamesimama wanasubiri. Hiyo si ridhaa, ni aibu ya kukataa. Filamu inayomfuata mtu kwa miaka ina ugumu wake wa ziada: alipokubali, hakujua kwamba ndoa itavunjika au kesi itafunguliwa. Kwa maoni yangu ni wajibu kumwonyesha mhusika sehemu zinazomgusa kabla picha haijafungwa, yaani uhariri ungali unaweza kubadilishwa. Si kumkabidhi mkasi. Ni kumpa nafasi ya kusema kwamba bango lile dirishani linaonyesha anakoishi.

Mahojiano yenyewe nitayapita haraka. Kama sauti ya muulizaji haitasikika kwenye filamu, mhusika aombwe kuanza jibu kwa kurudia kiini cha swali, la sivyo utabaki na "ndiyo, sana" isiyoeleweka. Muulizaji aitikie kwa kichwa, "mmh" zote aziache nyumbani. Jibu likiisha, ahesabu hadi tatu moyoni kabla ya kuuliza lingine, kwa sababu watu wengi huongeza jambo la maana katika ukimya huo. Picha za mikono, mlango na vifaa vya kazi, ambazo huwekwa juu ya mikato ya mahojiano, zishikiliwe kwa sekunde 10 kila moja; zile za sekunde mbili hazifuniki mkato wowote.

Simu inafaa, na nyingi zinapiga picha safi. Tatizo lake ni kwamba simu nyingi, zikiachiwa zijiamulie, hubadilisha idadi ya fremu, yaani picha mojamoja zinazounda video, kwa sekunde kufuatana na mwanga. Kwenye meza ya uhariri sauti iliyorekodiwa pembeni inaanza sawa na midomo, kisha inaachana nayo taratibu. Itumike programu inayofunga idadi hiyo, na ikiwezekana kasi ya shata pia, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga. Penye umeme wa hezi 50 ni fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50 ya sekunde. Penye hezi 60, shata iwe 1/60, la sivyo taa za ndani zinaweza kupepesa kwenye picha.

Kadi nazo. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Ya megabiti 400 hula 180. Bajeti ya diski ipigwe kwa hesabu hiyo, kisha izidishwe mara tatu, kwa sababu nakala ni tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae jengo lingine. Diski mbili ndani ya begi moja ni nakala moja mbele ya mwizi. Kunakili kwa kuburuta faili na kipanya hakutoshi. Zipo programu zinazokokotoa alama ya utambulisho (checksum) ya kila faili, kwenye kadi na kwenye diski, na kulinganisha. Kadi isifutwe mpaka alama zifanane na mtu afungue faili kadhaa kwa macho yake, na ifutwe ndani ya kamera, si kwenye kompyuta. Diski zisizo na sehemu inayozunguka (SSD) zisiachwe kabatini kwa miaka bila umeme, maana data yake inaweza kupotea polepole.

Zamani filamu yenyewe ilimfundisha mpigapicha kubana. Mkanda wa milimita 16 wenye futi 400 uliisha baada ya dakika 11 hivi, na kila futi ililipiwa. Leo kamera inaachwa ikiwaka, na gharama inahamia mezani. Saa 100 za picha, kwa kutazama saa 8 kwa siku, ni siku 12 na nusu za kutazama tu, bila kusimama hata mara moja kuandika. Ukiandika maelezo yenye alama za muda, na huna budi, siku hizo zinaweza kuzidi mara mbili. Mfadhili anayeuliza kwa nini uhariri unachukua miezi apewe hesabu hiyo.

Halafu picha inafungwa, maana yake urefu wa filamu haubadiliki tena hata kwa fremu moja. Mtu akiomba "kitu kidogo tu" kiondolewe baada ya hapo, mchanganyaji sauti, mrekebisha rangi na mwandika tafsiri wote wanarudi nyuma. Vituo vya Ulaya hutaka wastani wa ukali wa sauti, unaopimwa kwa kipimo kiitwacho LUFS, wa 23 chini ya sifuri, Marekani 24, na mashine ikikuta tofauti inarudisha faili bila kumwuliza mtu. Maandishi ya tafsiri yasizidi mistari miwili, kila mmoja herufi kama 42. Na pamoja na filamu yenyewe ikabidhiwe nakala safi isiyo na maandishi yoyote juu ya picha. Bila hiyo, kituo cha lugha nyingine kitabandika maandishi yake juu ya yale ya kwanza, na hakuna mtazamaji atakayesoma chochote.

Wasalaam,
Msomaji wako, fundi sauti na mhariri wa filamu za makala