Maandalizi ya maonyesho ya Jumamosi

Habari za jioni wapendwa. Maonyesho yetu ya mboga ni Jumamosi. Meza zitakuwa tayari saa 2 asubuhi, na ikifika saa 4 kila sahani ya mboga za kushindanishwa iwe mahali pake.

Nawasihi, msikimbilie ukubwa. Waamuzi hutafuta mboga zinazofanana: nyanya tano za saizi moja, rangi moja, vikonyo vya kijani vikiwa bado juu yake, zitaishinda sahani yenye kubwa moja na ndogo nne. Karoti mwagilieni jioni, mng'oe alfajiri ili ncha ya mzizi isikatike. Majani yakatwe, yabaki kama sentimita 7. Osheni kwa kitambaa laini, brashi hapana, mikwaruzo huonekana zikishakauka. Njegere zishikwe kwenye kikonyo tu. Ule utando mweupe juu ya ganda ukifutika haurudi, na waamuzi huuangalia sana.

Vitunguu msivimenye mno. Maharage mabichi yalale kwenye kitambaa chenye unyevu.

Wapya, leteni hata sahani moja, natamani sana kila shamba liwe na kitu mezani. Anayehitaji kubebewa mboga zake aandike hapa kabla ya Alhamisi.