Kwa Baba Ilunga, Kalemie

Lubumbashi, Jumapili jioni

Baba Ilunga, ndugu yangu,

Jambo sana. Hapa tuko wazima, mama watoto anakusalimu, mvua inachelewa. Nimenyamaza tangu matanga ya Mama Chantal, nisamehe. Leo nina haja na wewe.

Unamkumbuka yule mzee wa Kamalondo wa kutengeneza radio, aliyekuwa ananusa waya kwanza kabla ya kushika koleo? Nimempata mwenzake, tena mkuu wa jeshi la majini la Uingereza! Admirali Henry Jackson, mzaliwa wa 1855. Ujuzi wake ulikuwa torpedo, yaani bomu la kupita majini kuzamisha meli, na kuna jambo lilimnyima usingizi: mashua ya torpedo ikisogea usiku, meli kubwa itajuaje kama ni ya kwao au ya adui? Basi mwaka 1895 akaanza kujaribu kupeleka ishara bila waya. Mwaka uliofuata zilivuka urefu wa meli yake, kutoka ncha hii hadi ile. Marconi, yule Mwitaliano wa radio, alipofika Uingereza mwaka huo huo wa 1896, wakasaidiana. Mtu wa vyeo, na bado anainama juu ya waya. Nilimpenda hapo hapo.

Sasa sikia inavyotuhusu. Mei 1915, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, mkuu wa jeshi lile la majini, Fisher, alijiuzulu, Jackson akakaa kiti chake cha juu kabisa. Mwindaji mmoja, John Lee, alikuwa ameleta wazo la kuwaondoa Wajerumani ziwani kwenu, Tanganyika, kwa mashua mbili ndogo. Jackson alilikubali, akasema ni wajibu na desturi ya jeshi lake kupigana na adui popote penye maji ya kuelea chombo. Mashua zile, zilizoitwa "Mimi" na "Toutou", zilipita hapa hapa mjini kwetu juu ya treni hadi Fungurume. Kutoka pale, wakati ule reli haikuwepo. Zikavutwa kwa mashine za mvuke, ng'ombe na mikono ya watu kuvuka milima ya Mitumba mpaka Sankisia, kisha treni hadi Bukama, mto hadi Kabalo, treni tena hadi kwenu. Tarehe 26 Desemba Waingereza wakaiteka Kingani, meli ya Wajerumani, na Februari 1916 wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann.

Juzi nilisimama Fungurume nikatazama ile milima. Mashua ya mita 12, ndugu yangu! Nani alikata miti? Nani alibeba maji ya zile mashine, katika kiangazi? Maisha ya Jackson nayajua mwaka kwa mwaka: Desemba 1916 alimpisha Admirali Jellicoe kwenye kiti kile, mwaka 1920 akaongoza bodi ya utafiti wa radio, akafa 1929. Namheshimu kweli. Lakini wale babu zetu wa Mitumba, sina hata jina moja la kuweka kando ya lake, na jambo hilo linaniuma.

Ndiyo maana nakuandikia. Baba mkwe wako alituambia siku ile ya posa kwamba babu yake alikata kuni za "mashine ya Waingereza". Bado ana nguvu ya kuongea? Babu yule aliitwa nani, na alitokea kijiji gani? Alilipwa? Unaweza kukaa naye jioni moja na simu yako, umrekodi bila kumkatiza? Usingoje Krismasi, tafadhali. Na wewe mguu wako umepona? Kaka Didi amefika na ile motoka?

Wako,
Baba Mireille