Usinunue hita, nunua kuni

Makete, 12 Mei

Mama Junior, shoga yangu,

Hongera kwa uhamisho wa kuja kufundisha huku Makete, na pole kwa mwezi waliokupangia kuripoti. Angalau wangekuleta Novemba ungeizoea nchi taratibu. Wewe unashuka kwenye basi Julai, baridi ikiwa kileleni. Umeniuliza jambo moja tu, kama ununue hita ya umeme huko huko Tanga au usubiri ununue Njombe mjini. Nimeona nikuandikie kwa kirefu badala ya kukutumia sauti, kwa sababu jibu langu ni usinunue kabisa, na nisipokupa sababu nakujua, utanunua.

Hita ya kawaida ni ya wati 2,000, yaani kila saa inakula uniti mbili. Iwashe saa kumi na mbili jioni, izime saa nne usiku, uniti nane zimekwenda. Siku kumi haziishi, zile uniti 75 za mwezi za bei ya chini umezimaliza, na hapo hujapiga pasi hata shati moja la shule. Halafu umeme ukatike, maana huwa unakatika, ubaki umeikodolea macho. Pesa hiyo iweke kwenye kuni.

Najua ukisikia kuni unawaza nini: mafiga matatu uani, macho mekundu, na mama mkwe anakuangalia unavyopuliza. Huko kwetu ukuni una kazi moja, kuivisha chungu. Chungu kikiiva unauchomoa na kuuzima kwa mchanga ili ubaki wa kesho. Huku chungu kikiiva ndipo watu wanasogeza vigoda. Jioni nzima inaliwa, inaongewa na kusinziwa pale pale jikoni. Kwa majirani zangu hawa Wakinga ukikaribishwa moja kwa moja jikoni usidhani umedharauliwa. Sebuleni wanakaa watu wa kuja na mafaili.

Sasa jambo kubwa kuliko yote. Mgeni akifika anasubiri baridi impige, ndipo anaanza kuulizia kuni. Anaziona za bei nafuu barabarani, anajaza toyo, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, anafurahi. Usiku moshi nyumba nzima, moto unazomea tu, povu linatoka ncha za kuni, na yeye anatetemeka vile vile. Kuni za Julai zinaandaliwa mwaka uliotangulia, Agosti mpaka Oktoba, jua likiwa kali na upepo mkavu. Mvua za Novemba zikianza, kuni ziwe zimeshapasuliwa na ziko chini ya bati, zikae hapo mpaka mvua ziishe mwezi wa Aprili au huu wa Mei. Ukipasua leo, Juni inakukuta na ukungu na manyunyu, hazikauki. Mti ukiangushwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Moto lazima uyachemshe maji yote hayo uyatoe kwa mvuke kabla ya kukukumbuka wewe, ndiyo maana kilo ya kuni mbichi inakupa kama nusu tu ya joto la kilo ya kuni kavu. Umelipia mzigo mmoja, umeota nusu mzigo, na nusu nyingine umekohoa.

Kwa hiyo mwaka huu wa kwanza wewe nunua zilizokwisha kukauka, hata kama ni ghali. Nitakuwekea kiasi kwenye banda langu, lakini hazitafika Agosti, itabidi uzijue mwenyewe. Usimsikilize muuzaji, sikiliza ukuni. Chukua vipande viwili uvigonganishe: vikavu vinalia ko, sauti inasafiri, vibichi vinatoa mlio mzito wa kufa. Tazama ncha, ukuni uliokauka una nyufa zinazotoka katikati kwenda pembeni, na gome linaachia ukilivuta kwa kidole. Uinue pia. Ukishangaa wepesi wake, lipa.

Miti yenyewe utaikuta ya aina tatu zaidi. Wa kwanza kwa heshima ni mwati. Si mti wa hapa, asili yake Australia, na ulienea mkoa huu kwa ajili ya magome: Tanganyika Wattle ilianza pale Njombe mwaka 1949 kwa kazi ya kukamua dawa ya kusindikia ngozi za wanyama. Viwanda vilitaka gome, sisi tunataka kilichomo ndani. Mwati ni mzito, unapasuka vizuri, unawaka polepole na unaacha makaa yanayodumu mpaka usiku wa manane. Ukipata miwati mikavu usibishane sana bei.

Wa pili ni mlingoti, ule ule mkaratusi wetu. Una joto sana, lakini nyuzi zake zimejipinda, na ukikauka ukiwa gogo zima utalia. Mlingoti unapasuliwa ungali mbichi, wiki ile ile ulioangushwa, halafu vipande ndivyo vinavyokaushwa. Ukiletewa magogo ya mlingoti ya mwaka jana hayajapasuliwa, mrudishie mwenyewe.

Wa tatu ni paina, na hasa mabanzi yake. Msituni wanapasua mbao kwa zile mashine wanazoziita dingdong, na vipande vya pembeni vyenye gome vinauzwa bei ya kutupa. Watu wa mjini huku wengi wanaishi kwa mabanzi. Mimi nayapenda kwa kuwashia tu. Yana utomvu, yanashika haraka, yanafanya makelele na kwisha upesi, na moshi wake mweusi unaganda kwenye bomba. Ukichoma paina mbichi majira yote bila kusafisha bomba, ile lami iliyoganda ndani inaweza kushika moto yenyewe, na bomba likiwaka ndani ya dari ya mbao hakuna wa kukuwahi.

Na usije ukaingia msitu wowote ukaanza kuokota ukidhani ni pori. Huku miti ni akiba ya watu. Mtu anasomesha mtoto chuo kwa ekari mbili za paina. Kila kishamba cha miwati kina mwenyewe, na misitu ya hifadhi ina sheria zake. Lakini watu wakishavuna, matawi yanabaki chini, na ukiomba vizuri mara nyingi unaambiwa beba. Mtume mwanao akaombe, asiende na panga mkononi kabla ya salamu.

Kuchanja utajifunza. Jirani yangu mzee mmoja ndiye ananichanjia yale yanayonishinda, na kumtazama ni shule. Hapigi katikati ya gogo hata siku moja. Analisimamisha juu ya kisiki, analizungusha kwa mguu, anainama anatafuta ufa, hata uwe mwembamba kama unywele. Shoka anaingiza pembeni, karibu na gome, pale ufa ulipoishia. Pigo la kwanza halipasui, linafungua tu. La pili linatua pale pale, ndipo gogo linasema ka! na kuachana. Akikuta fundo analigeuza lije chini, na likigoma anatoa kabari ya chuma na nyundo, hagombani nalo. Miguu ameitanua, ili shoka likiteleza lipite katikati lisikute muundi. Mimi kama muuguzi nimeshona miundi ya vijana wa kutosha, kwa hiyo hapo unisikilize: viatu vigumu, si kandambili, na watoto wakae mbali, kipande kinaruka.

Pasua vyembamba kuliko unavyodhani inatosha, unene wa mkono wako wa juu hivi. Gome linazuia maji yasitoke, ukuni unakauka kupitia pale ulipopasuka. Panga juu ya vipande vya mbao au mawe, zisiguse udongo, na uache upepo upite katikati. Juu bati, pembeni wazi. Watu wanafunika na turubai mpaka chini, unyevu unafungiwa ndani, zinaota ukungu mweupe.

Nyumba za walimu pale shuleni kwenu sijui jiko wamelijenga vipi, ila ukikuta sebule haina kitu, tafuta fundi wa kuchomelea akutengenezee jiko la chuma lenye mlango na bomba la kutokea juu ya paa. Mwambie bomba lisiguse mbao za dari, pawe na nafasi na kipande cha bati kuzunguka. Kuwasha ni vijiti vya paina chini, vipande vyembamba vya mwati juu, mlango wazi kidogo mpaka moto uchangamke, ndipo unatia vinene. Usilibane jiko hewa ili kuni zidumu usiku kucha. Moto uliobanwa unafuka, haukupi joto. Afadhali moto mkali wa saa mbili halafu makaa, kuliko moshi wa saa sita.

Sasa lile linalonifanya nisilale kila ikifika Juni: jiko la mkaa chumbani. Wapangaji wengi, hasa vijana wanaokuja kazi kutoka joto kama wewe, wanapika nje, mkaa ukishakuwa mwekundu bila moshi wanaona sasa ni salama, wanaliingiza ndani, wanafunga dirisha, wanatia nguo kwenye upenyo wa mlango, wanalala. Huo mkaa usio na moshi ndio mbaya. Unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi wala kukereketesha koo, na ikiingia kwenye damu inakalia nafasi ya oksijeni na kuing'ang'ania kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili. Mtu anaanza kuumwa kichwa, kichefuchefu, miguu inalegea, anadhani ni uchovu au malaria, analala zaidi. Wengine hawaamki.

Mwaka juzi tuliletewa kijana na mkewe asubuhi, wamebebwa kwenye blanketi. Jirani alisikia mtoto analia muda mrefu na hakuna anayembembeleza, akavunja mlango. Mtoto alikuwa amelala chini kabisa ya dirisha lililopasuka kioo, kale kaupenyo ndiko kalikomsaidia. Baba alizinduka kwa oksijeni, mama naye baadaye, lakini wiki nzima alikuwa anasahau jina la mtaa wake. Wakwe walishaanza kutaja wachawi. Kilichokuwa kimewaangusha ni jiko dogo la mkaa, bado lilikuwa na majivu ya moto.

Kwa hiyo, mama, jiko lolote lisilo na bomba la kutokea nje halilali ndani na wewe. Ota nalo jioni dirisha likiwa wazi, ukienda kulala litoke nje, hata kama lina makaa ya kutosha na roho inakuuma. Kitandani ingia na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kanga. Zile kanga zako za Tanga zitapata kazi mpya.

Utaniuliza, na gesi je? Gesi njoo nayo. Tuna mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilitakiwa ziachane na kuni tangu mwanzoni mwa 2024, kwa hiyo shuleni kwenu huenda ukakuta sufuria za wanafunzi zinachemka kwa kitu kingine. Mimi naunga mkono, vifua vya akina mama nimevisikiliza kwa masikio yangu. Ila jina lenyewe ni nishati safi ya kupikia. Anayeandika mpango akiwa Dodoma anaona chakula tu. Mama wa hapa akipewa mtungi anapika chai dakika tano, chai imeiva, na chumba kina baridi ile ile ya alfajiri. Atafanya nini? Atarudi kuwasha kuni, au kibaya zaidi, ataingiza mkaa. Kule tambarare ya Kitulo, mita 2,600 hivi, kuna asubuhi nyasi zinaamka nyeupe kwa umande ulioganda, na watu wanaishi pembezoni mwake mwaka mzima. Kwao joto la nyumba si anasa. Ningekuwa na sauti kwenye vikao hivyo ningeomba majiko ya bomba na mabanda ya kukaushia kuni vitajwe pamoja na mitungi, lakini mimi ni wa kupima presha tu.

Basi ukifika stendi ya Njombe nipigie kabla hujapanda gari la Makete, niwashe moto mapema. Njoo na soksi nzito, masweta ya watoto mawili mawili, na usisahau nazi na papa mkavu, maana huku vyote viwili vinakuja vimeshachoka. Agosti tutaagiza toyo moja la mwati mbichi, tugawane, na mzee nimeshamwambia kuna mwanafunzi mpya wa shoka anakuja.

Msalimie Baba Junior, na mwambie mpini wa shoka wa mti mzuri wa huko auweke kwenye mizigo.

Shoga yako,
Mama Neema